Mtama Penye Kuku Wengi: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kazi ya Kumweleza Mgeni

Likizo iliyopita walifika kwetu Zinga wageni watatu kutoka Ulaya. Walikuwa wametoka kuangalia magofu ya Kaole, sasa wakataka kuona maisha ya watu. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mtaa, nikatwishwa kazi ya ukalimani. Tukaketi barazani kwa bibi yangu. Mgeni mmoja akauliza: mwali akiwekwa ndani hufundishwa nini? Bibi akajibu kwa neno moja tu: "Adabu."

Mimi nikaona jibu fupi mno. Basi nikaanza kutoa mhadhara: kungwi, nyimbo, mafumbo, mpaka yale niliyoyadokoa vitabuni. Wageni wakaandika weee! Walipokwisha kuondoka bibi akaniambia, "Mume wangu, leo umemwaga mtama penye kuku wengi."

Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu ambacho wengi wetu hukitaja katika mitihani bila kukisoma: *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi kitabu hicho kinavyomjulisha mgeni utamaduni wa watu wa Mrima, na kwa nini sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kukihakiki kama kazi ya fasihi, si ghala la mila tu.

Kwanza tumfahamu mwandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Dunda, hapo hapo Bagamoyo. Alikuwa msomi wa dini ya Kiislamu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Miongoni mwa waliosoma Kiswahili hapo walikuwamo watu waliojiandaa kuja kufanya kazi katika koloni la Wajerumani, yaani kututawala. Carl Velten alikusanya maandishi ya Mtoro pamoja na ya wenzake wachache, akayahariri na kuyachapa. Jalada likabeba jina la Velten. Ilipofika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilimtaja Mtoro kuwa ndiye mwandishi.

Hebu sasa tuitazame fani. Jambo la kwanza ni jina lenyewe la kitabu. Halisemi "desturi zetu", linasema "za Wasuaheli", tena kwa tahajia iliyofuata sikio la Mjerumani. Kabla hujafungua ukurasa, umekwisha kuambiwa hadhira ni nani. Mwenye nyumba anasimama nje ya nyumba yake na kuionyesha kwa kidole.

Lakini ukiingia ndani, mambo yanabadilika. Kitabu kinamfuata mtu tangu mimba na kuzaliwa, jando na unyago, ndoa, kazi, safari za bara, pepo na uganga, mpaka mazishi. Ndani yake watu wanasema. Wanabisha hodi, wanaposa, wanaimba ngomani, wanajibizana. Badala ya kumpa mgeni maana ya desturi, mara nyingi mwandishi humpa maneno yanayosemwa wakati desturi ikitendeka. Kwa maoni yangu huu ndio ufundi wake mkubwa. Mgeni aliyekariri kwamba "Waswahili ni wakarimu" hajajua kitu. Mgeni aliyesikia mtu akibisha hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani moja baada ya moja kabla ya kutaja shida yake, huyo ameanza kuelewa.

Pamoja na sifa hizo, tusifumbe macho. Mtoro anaeleza unyago, na unyagoni mwanamume haingii. Bila shaka mengi aliyoyaandika hapo aliyasikia tu, kama nilivyoyasikia mimi. Pili, lazima tujiulize swali lililoandikwa na nani linajibiwa katika kila sura. Mambo ya sheria, ya watumwa na ya mirathi yalikuwa na faida ya moja kwa moja kwa mtawala. Maarifa yale yale yaliyohifadhi urithi wetu yalimrahisishia mgeni kazi ya kututawala. Mhakiki anayetaja upande mmoja na kuuacha mwingine hajamtendea haki mwandishi wala msomaji.

Na Mtoro mwenyewe alipata nini? Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walipokuja pwani ili waishi huku, serikali ya koloni iliwazuia. Ikabidi warudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Fikirini, jamani: mtu aliyewafundisha wageni namna ya kuingia katika nyumba za Mrima akazuiwa kuingia kwao pamoja na mkewe. Walipenda maelezo yake, yeye mwenyewe hawakumtaka.

Kwa hiyo, je, tunyamaze? La hasha. Bila Mtoro, mimi wa Zinga nisingejua mengi kuhusu watu wa pwani yangu ya miaka ya 1890. Nasema hivi: anayemjulisha mgeni utamaduni wake na ajue anasema na nani, na ampe maneno ya watu kabla ya kumpa maelezo yake mwenyewe. Tena akubali kwamba kuna milango ambayo si yake kuifungua.

Nimelifikiria sana jibu la bibi. Nilidhani kwamba ameficha jambo, kumbe alikuwa amejibu. Kama wageni wale wangeuliza, "Adabu ni nini?", mazungumzo yangekwenda mpaka magharibi, naye angechagua mwenyewe la kusema. Mimi ndiye niliyewakatisha. Wenzangu, tukisomeni kitabu cha Mtoro, kisha twendeni barazani tukasikilize kabla ya kutafsiri.