Kwa Nini Mashua Kavu Huvuja, Kisha Ikaacha

Msomaji mmoja wa Lamu ameuliza: mashua yake, iliyokaa mchangani tangu kusi ilipokaza, aliikalafati na kuipaka deheni apate kusafiri wakati wa malelezi, kabla kaskazi haijashika, mbona siku ya kwanza majini ilivuja hata akakata tamaa, na siku ya tatu, pasipo mkono wa fundi, ikaacha?

Habari za tanga, foromali na henza nawaachia mabaharia wenyewe, kwani ajabu iliyo kubwa kuliko hizo imo ndani ya ubao.

Ubao ni nyuzi, na kila uzi ni kijumba kirefu chenye kuta za selulosi. Maji yaingiapo hayakai kwanza chumbani, bali hupenya kutani. Mithali yake ni barza siku ya arusi: wageni wa mwanzo huketi mkekani baina ya wenyeji, na kila ajaye hujipenyeza, bega likasukuma bega, hata safu ikatanuka, lakini safu ikishatimu, wajao baadaye husimama uani, na wangawa mia, hawaitanui tena hata shubiri moja. Ndivyo ulivyo ubao: huvimba mpaka kuta zikinai, unyevu ufikapo kadiri ya asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu; maji yazidiyo hapo hujaza vijumba tu.

Mpaka huo nauita shibe ya nyuzi. Neno "ujazo" silikubali, kwa kuwa kijazwacho ni chombo kitupu, kama mtungi, hali hapa vijumba vingali vitupu. Bali ashibaye, kilichomshibisha kimeingia mwilini mwake.

Na ubao ukishiba haurefuki ila chembe, hupanuka ubavuni. Basi mbao mbili husogeleana, zikaibana ile pamba ya mafuta iliyogongwa katikati yake kwa chembeu wakati wa kukalafati, hata pamba iliyokuwa laini kidoleni ikawa ngumu kama kamba, na maji yasipate njia. Ubao uliopasuka na msumari ulioliwa na kutu hauponi hivyo.

Basi, ndugu msomaji, usisafiri siku uishushapo mashua. Itie nanga penye maji madogo, ufue maji ngamani kwa upo siku mbili tatu, na shehena uipakie mbao zikisha kushiba.