Mlango wa Mbele Si Ubao Peke Yake

Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekwisha kunyesha siku nne mfululizo jijini Dar es Salaam, nilitoka nyumbani kwenda kazini na nikauvuta mlango wa mbele nyuma yangu. Haukutaka kufungika. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu mpaka ukajikaza ndani ya fremu yake, nikaondoka. Ndani nilimwacha mama mkwe wangu pamoja na wajukuu wake wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Mama yao alikuwa hajarudi kutoka zamu ya usiku.

Haikupita saa moja, nguo ya mtoto iliyotandazwa karibu na jiko ili ikauke ikashika moto. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Bibi aliumwagia ndoo ya maji ukazimika. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kujaa nyumba nzima, naye alipoukimbilia mlango wa mbele akauvuta, kishikio kilimtoka mkononi na mlango ukabaki pale pale. Mlango wa uani ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa mfukoni mwangu, ndani ya basi. Madirisha yetu, kama ya majirani wote, yana nondo. Aliyewaokoa ni jirani aliyesikia vilio vya watoto, akaja na mtaimbo, akauvunja mlango kwa nje.

Hakuna aliyeungua. Bibi alikohoa siku tatu, na katika siku hizo tatu hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniumiza kuliko lawama.

Nayaeleza haya, ndugu msomaji, kwa sababu mlango ule haukuwa mkuukuu. Ulikuwa na umri wa miezi mitatu tu. Tuliununua Januari kwa akiba tuliyoiweka mwaka mzima, tukachukua nafasi ya mlango wa zamani ulioliwa na mchwa chini. Muuzaji alituapia kwamba ni mninga mtupu, na rangi yake nyekundu ya kahawia ilitushawishi tukaamini. Jirani alipoupasua kwa mtaimbo, tuliona ndani ubao mweupe. Mninga ulikuwa rangi iliyopakwa juu.

Hata hivyo, kosa kubwa halikuwa aina ya mti. Kosa lilikuwa maji. Mti ukatwapo hubeba maji mengi. Mengine hukaa katika matundu ya mti, na hayo yakikauka ubao haubadiliki umbo. Lakini maji yakishapungua hata kufikia kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kutoka hapo kushuka chini ubao huanza kusinyaa, tena husinyaa upana, wala si urefu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani wakati wa masika, ubao ule ule huyanywa maji tena na kuvimba.

Mlango wetu ulitengenezwa kwa mbao mbichi. Katika jua la Januari na Februari ukasinyaa na kupinda, pakawa na mwanya ambao kidole kilipita. Nikamwita fundi aliyeufunga. Akaja, akautazama, akapigilia kibanzi cha mbao ubavuni kuziba mwanya, akachukua pesa yake. Ikaja masika, mlango ukavimba kurudi mahali pake, lakini mahali pake palikuwa pamekaliwa na kibanzi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mlango wa mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, wenye upana wa sentimita 90, ukivimba kwa asilimia moja tu, umeongezeka milimita 9. Nafasi ambayo fundi mzuri huiacha kila upande ni kiasi cha milimita 3.

Mabingwa wa zamani wa pwani walilifahamu jambo hili. Watazameni wale waliochonga milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni huipiga picha kwa ajili ya nakshi na njumu za shaba. Mimi siku hizi naitazama kwa jicho la mtu aliyeumwa na nyoka: naona kwamba mlango umegawanywa mbao mbili zenye mfaa katikati, hata kila upande ukawa mwembamba, na mwembamba huvimba kidogo kuliko mpana.

Safari ya pili sikwenda dukani. Nilikwenda Keko, ambako maseremala wamejaa pande zote za barabara, nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye hakuwa na mlango hata mmoja uliokwisha tayari. Hilo peke yake lilinishangaza. Nikamweleza nataka mlango wa mninga, futi saba kwa tatu. Akaniuliza, "Mwanangu, nani aliyekwambia kuwa nyumba yako ni futi saba kwa tatu?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake alikuja mwenyewe. Alipima upana wa tundu la ukuta mahali patatu, juu, katikati na chini. Akapima urefu kushoto na kulia. Akapima kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mishazari miwili ilitofautiana, maana yake tundu letu halikuwa mraba, na fremu ya kwanza ilikuwa imelazimishwa kufuata upogo wa ukuta. Aliichukua timazi akaiangusha kando ya mwimo: ulikuwa umelala kuelekea ndani. "Hata ungefunga mlango wa dhahabu hapa," akasema, "ungejifungua wenyewe usiku."

Kisha akatuonyesha lililonitisha zaidi. Fremu ile ilishikiliwa na misumari iliyoishia katika lipu, haikufika tofalini. Ndiyo sababu jirani hakuhitaji zaidi ya mapigo machache. Siku ile tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwizi naye angemshukuru vile vile.

Kuhusu mbao, mzee alitufundisha mambo ambayo kila mnunuzi aweza kuyajaribu. Ubao mbichi ni mzito kuliko mwenziwe mkavu wa kipimo kile kile, na ukiuweka shavuni utausikia baridi. Harufu yake bado kali. Ukiweza, chukua kipande kilichobaki cha ubao huo huo, kipime kwenye mizani, kiweke mahali pakavu penye hewa wiki mbili, ukipime tena. Kikiwa kimepungua sana, mlango wako nao utapungua. Mninga hupendwa kwa sababu husinyaa kidogo na hautulizi shida; mvule husifiwa kwa kustahimili mchwa; mkongo ni mgumu na mzito. Msonobari wa mashamba ya Sao Hill, Mufindi, si mbao mbaya, lakini wahitaji dawa ya wadudu na kukaushwa vyema, na haustahili kuuzwa kwa jina la mninga.

Kuufunga kulichukua siku mbili. Fremu ilisimamishwa kwa timazi na pimamaji, ikashikizwa tofalini kwa skrubu ndefu, miguu yake ikapakwa dawa ya mchwa kabla ya kuguswa na saruji. Bawaba zilikuwa tatu badala ya mbili, zote kwa skrubu. Kizingiti kilipewa mteremko kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasirudi ndani. Na kabla ya kuuning'iniza, aliupaka vanishi pande zote sita, hata ukingo wa juu na wa chini ambao hakuna atakayeuona. Nilimwuliza kwa nini anapoteza vanishi. Akajibu kwamba maji hayana haja ya kuonekana yanapoingia.

Mke wangu ndiye aliyelileta suala la kitasa. "Baba," alimwambia fundi, "sitaki tena mlango unaohitaji ufunguo ili mtu atoke." Tukaweka kitasa ambacho kwa nje hufunguliwa kwa ufunguo, na kwa ndani kwa kugeuza kidude kidogo kwa vidole viwili. Mtoto wa miaka saba alijaribu mbele yetu akafaulu. Yule mdogo hakukifikia, na nadhani ni heri hivyo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hayo yote ni ya kizamani, kwani yako milango ya kiwandani isiyovimba wala kuliwa na mchwa. Ni kweli. Dada yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Leicester, Uingereza, alibadilisha mlango wake wa mbele akaweka ule wa mchanganyiko: juu ngozi ngumu ya plastiki yenye nyuzi za kioo, iliyopigwa chapa ya mishipa ya mti, ndani povu gumu linalozuia baridi, na kitasa ambacho ukiinua kishikio, ndoano hujitokeza juu, katikati na chini. Nilipomwuliza bei alicheka tu. Lakini aliponieleza jinsi ulivyofungwa, nilimwona mzee wangu wa Keko. Alikuja kwanza mpimaji peke yake. Fremu ikatengenezwa ndogo kuliko tundu la ukuta kwa kiasi cha milimita 10, ili ipate nafasi ya kunyoshwa kwa vipande vya plastiki kabla ya kushikizwa kwa skrubu. England na Wales uko, tangu mwaka 2002, mpango uitwao FENSA, ambao mafundi waliosajiliwa huthibitisha wenyewe kwamba madirisha na milango waliyobadilisha imetimiza kanuni za ujenzi.

Na huko huko likatokea jambo linalopaswa kumfikirisha kila anayedhani kwamba cha kiwandani hakina kasoro. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la makazi la Grenfell Tower, London, lenye ghorofa 24, liliteketea na watu 72 wakapoteza maisha. Moto ulienezwa hasa na mabamba yaliyobandikwa nje ya jengo. Lakini wachunguzi waliipima pia milango ya mbele ya makazi hayo, na mwezi Machi 2018 ikatangazwa kwamba mlango mmoja, uliotakiwa kuuzuia moto kwa dakika 30, ulishindwa baada ya dakika 15 hivi. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019, ilieleza jambo dogo zaidi, nalo lilichangia vifo: milango mingi haikujifunga yenyewe baada ya watu kutoka, na moshi ukapita kuingia ukumbini na kwenye ngazi.

Kwa hiyo anayekaa ghorofani Kariakoo au Upanga, mlango wake una kazi mbili: kumruhusu yeye atoke, na kuuzuia moto wake usimfuate jirani ngazini. Akinunua mlango wa kiwandani aulize umepimwa kuzuia moto dakika ngapi, na aonyeshwe cheti cha mlango mzima pamoja na fremu na kitasa chake, si cha ubao pekee. Aulize pia vipuri vya kitasa hupatikana wapi kikiharibika. Na kama mlango utatazama jua la mchana, ajihadhari na rangi nyeusi. Mlango wa namna hii ukipata joto kali upande mmoja hupinda kama upinde, na kitasa chake hakishiki.

Sisi wa nyumba za chini tuna ugonjwa wetu wenyewe, nao ni geti la chuma nje ya mlango wa mbao, lenye kufuli. Tunaliweka kwa hofu ya wezi, nami silikejeli, kwani wezi wapo. Lakini nimepita mtaani kwetu jioni nikihesabu, na katika nyumba kumi nilizozifahamu vyema, saba zilikuwa na ufunguo mmoja tu wa kufuli, nao hulala chini ya mto wa baba. Zimamoto ya Tanzania huitwa kwa namba 114. Hata wakija upesi watahitaji muda wa kukata chuma. Sisi tumetundika ufunguo wa pili kwenye msumari karibu na mlango wa uani, mahali mkono wa mtu wa nje hauwezi kufika kupitia dirishani.

Malipo ya mzee tuliyagawa mara tatu: ya kununulia mbao, ya siku ya kufunga, na robo iliyobaki tulikubaliana aifuate baada ya mvua ya kwanza. Sikutarajia akubali. Alikubali bila kubishana, akasema fundi anayeiogopa mvua asifunge mlango pwani. Mwezi wa Novemba, vuli ilipokuwa imekwisha kunyesha wiki nzima, alikuja na mwavuli, akaupitisha mlango mara kadhaa, akatoa randa akaukwangua ukingo mahali pamoja, akaupaka tena vanishi mahali pale, akapokea haki yake.

Mlango uliovunjwa hatukuutupa. Vipande vyake vizima vimekuwa meza ya kuoshea vyombo uani, na kila masika huvimba bila kumsumbua mtu. Bibi ameanza desturi ambayo hatukumfundisha: kila jioni kabla ya kulala huufungua mlango wa mbele mara mbili, mara moja taa ikiwa inawaka na mara moja akiwa ameizima.