Chakula cha kuku kinapopanda: Mfugaji apunguze kundi au avumilie?

KILA bei ya mahindi inapopanda sokoni, simu na maswali ya wafugaji wa uani huwa ya aina moja: je, niuze kuku nusu, au nivumilie hadi mavuno?

Swali hilo si dogo. Tangu miaka ya 1980, mishahara iliposhindwa kukidhi mahitaji, banda la kuku nyuma ya nyumba limekuwa ni "mradi" wa familia nyingi za Dar es Salaam, na ada za shule hutoka humo. Anayeuza kwa pupa huua mradi. Anayevumilia bila hesabu huulisha mradi huo kwa mshahara wake bila kujua.

Chakula huchukua sehemu kubwa kuliko gharama zote za kuku wa mayai. Pumba hufuata bei ya mahindi, ambayo kwa kawaida hulegea mavuno ya nyanda za juu kusini yanapoingia sokoni katikati ya mwaka, na kukaza tena kuelekea miezi ya mwanzo wa mwaka. Mashudu ya alizeti na dagaa nayo yana misimu yake. Mfugaji hana uwezo juu ya hayo. Uwezo wake uko kwenye idadi ya midomo.

Njia rahisi ya kupiga hesabu ni kuacha shilingi pembeni na kupima mfuko wa chakula kwa trei za mayai. Kuku mmoja wa mayai hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku 100 hula kilo 12, hivyo mfuko wa kilo 50 huisha kwa siku 4 na kidogo. Tuseme mfuko huo bei yake ni sawa na trei 8. Trei 8 ni mayai 240. Yagawe kwa siku 4, unapata mayai 60 kwa siku. Chini ya hapo, kuku hawajilishi, na bado hujalipa dawa, maranda wala kijana wa banda.

Sasa chukua mfano wa mstaafu wa Tabata mwenye kuku 100 wanaotaga mayai 55 kwa siku. Kwa mfuko mmoja anapata trei 7 na mayai 10. Anapata hasara. Lakini kuku 100 hao hawatagi sawasawa: wapo wanaotaga karibu kila siku, na wapo wanaokula tu. Akiwatoa 30 wa kundi hilo la pili, na mayai yakashuka hadi 50, mfuko utamfikisha karibu siku 6 na kumpa trei 10. Amepunguza kuku, ameongeza faida.

Kosa kubwa tunaloliona ni mfugaji kumwachia mnunuzi achague mwenyewe. Mnunuzi wa nyama huchagua wazito, na mzito anaweza kuwa ndiye mtagaji wako bora. Mfugaji achague mwenyewe, usiku, kuku wakiwa wametulia. Anayetaga ana kilemba chekundu, na tundu la kutagia ni pana na lenye unyevu. Mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni mwa tundu hilo hupitisha vidole viwili au vitatu. Aliyekoma kutaga, kilemba kimesinyaa, tundu ni kavu, na kati ya mifupa hiyo hapiti zaidi ya kidole kimoja. Pia anayetaga sana mara nyingi manyoya yake yamechakaa, kwa hiyo usidanganyike na kuku mrembo.

Hata hivyo, mayai kushuka si lazima kuku wawe wamezeeka. Maji yakikosekana kwa siku moja tu kwenye joto, utagaji huanguka. Minyoo, chakula kilichochakachuliwa na magonjwa hufanya hivyo hivyo. Kama kundi lina wiki 40 na limeshuka ghafla, mwite bwana mifugo kabla ya kumwita mnunuzi. Kama limepita wiki 80, jibu unalo tayari. Kuku wenye dalili za kideri wasiuzwe kabisa, kwani ndio wanaosambaza ugonjwa mtaa kwa mtaa. Waliopewa dawa wasubiri siku zilizoandikwa kwenye paketi.

Upande wa pili wa hesabu husahauliwa: wateja. Duka linalochukua trei mbili kila asubuhi halitasubiri miezi mitano. Kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, hivyo anayetaka kuliondoa kundi lote zee aagize vifaranga miezi hiyo mapema na kuwalea kwenye chumba chao, mbali na wakubwa. Asiye na chumba cha pili ni afadhali apunguze kidogo kidogo, abaki na mayai ya kushikilia wateja.

Kwa wenye kuku wa kuuza, Krismasi, Pasaka na Idi ndizo siku za bei nzuri, mradi banda liwe limechaguliwa wiki moja au mbili kabla. Anayefika sokoni siku ya pili ya sikukuu huwakuta wanunuzi wameshashiba.