Kisanduku cha Kuongezea Redio Masikio: Tuelewane Kabla ya Kutoa Pesa

Kuna kisanduku kidogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho wauzaji husema kinafanya redio isikie mbali. Mafundi wanakiita priamplifaya. Sisi tukiite kikuza mawimbi. Kikundi chenye redio ya upepo, kiwe cha wafugaji wa Loima, cha wavuvi wa Kalokol au cha akina mama wanaosaidia zahanati mahali simu ya mkononi haishiki, kinaweza kuambiwa siku moja: nunueni hiki, shida yenu imekwisha. Si uongo, kinasaidia. Lakini kinaponya ugonjwa mmoja tu, na pesa ya kikundi ni mbuzi waliouzwa.

La kwanza kujua ni hili: kikuza mawimbi ni sikio, si mdomo. Hakiipi redio yenu nguvu ya kusema. Kinachukua mawimbi dhaifu yanayofika kwenye antena na kuyaongeza nguvu kabla hayajaingia redioni. Basi kama ninyi mnawasikia wenzenu vizuri lakini wao hawawasikii ninyi, mkikinunua mtakuwa mmetupa pesa.

Ugonjwa wenyewe kinaouponya ni huu. Kituoni mna redio kubwa ya VHF ya wati 50, yenye antena juu ya mlingoti. Wachungaji wako malishoni na redio ndogo ya mkononi, ya wati 5. Ninyi mnasema kwa nguvu mara kumi kuliko wao. Wao wanawasikia wazi kabisa, wanajibu, na kituoni mnasikia shhhh tu. Sasa fikirini nani huhitaji msaada usiku: mama aliyeshikwa na uchungu kwenye adakari, au vijana walioona nyayo za wezi wa mifugo. Ni yule mwenye redio dhaifu. Yeye anaita, na kituo chenye gari na muuguzi hakimsikii. Hapo kisanduku kikiwekwa vizuri kinaweza kuokoa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, nunueni daftari la mazoezi. Kwa wiki moja andikeni: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa mbili usiku, nani alimwita nani, nani alisikia, nani hakusikia, na alikuwa amesimama wapi. Wiki moja tu. Daftari hilo litawaambia ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Kama daftari linaonyesha pande zote mbili hazisikiani, shida huenda ni mlima au umbali. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, na dunia imepinda. Kwenye ardhi tambarare, antena yenye urefu wa mita 9 hufikisha kama kilomita 12. Mtu aliyesimama na redio ya mkononi huongeza kama 5, jumla 17. Inueni antena ifike mita 25, mtapata kama kilomita 25. Mchungaji naye akipanda kilima anaongeza umbali mwingi bila kutumia hata shilingi. Lakini kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kwa barabara, na hakuna kisanduku kitakachofanya redio mbili za VHF zisikilizane moja kwa moja umbali huo. Mtahitaji kituo cha kati juu ya mlima kinachopokea na kurusha tena. Hiyo ni kazi nyingine na bajeti nyingine.

Halafu kuna kebo. Hapa ndipo naona vikundi vingi vinapoteza bila kujua. Kebo inayotoka kwenye antena hadi redioni hula mawimbi njiani. Ile nyembamba, ya unene wa penseli hivi, inayoitwa RG-58, ikiwa na urefu wa mita 30, katika VHF inabakiza kama robo tu ya mawimbi yaliyoingia. Robo tatu zimeliwa! Ile nene, RG-213, kwa urefu huo huo inabakiza kama nusu au zaidi kidogo. Na kebo nene inasaidia kupokea na pia kusema, maana mawimbi yanayotoka nayo huliwa vilevile. Kwa hiyo kama mlingoti wenu una kebo nyembamba iliyochomwa na jua la Turkana hadi ikapasuka, au konekta imeingia vumbi na kutu, pesa ya kwanza iende huko. Kagueni pia kama mbuzi hawajaitafuna pale chini. Tusicheke, mbuzi hawachagui.

Baada ya hayo yote, kama bado kituo hakiwasikii wadogo, basi kikuza mawimbi kina nafasi yake. Mahali pake ni juu, karibu na antena. Wengi hukiweka mezani kando ya redio kwa sababu ni rahisi, nao wanakosa sehemu kubwa ya faida. Ni kama maziwa: yakishatiwa maji njiani, kuyamimina kwenye sufuria kubwa hakuyarudishi kuwa maziwa matupu. Kila kifaa kina kelele yake ndogo ya ndani. Mawimbi yakishadhoofika ndani ya kebo yanakaribia kelele hiyo, na ukiyakuza chini unakuza vyote pamoja. Mhandisi Harald Friis, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitoa hesabu yake mwaka 1944: kelele ya kifaa cha kwanza kupokea ndiyo yenye uzito zaidi, na vinavyofuata nyuma yake havihesabiki sana ikiwa hicho cha kwanza kimekuza vya kutosha. Kisanduku hupelekewa umeme wa volti 12 kutoka betri ya sola, kwa waya wake au kwa kupitia kebo ile ile ya antena.

Hatari kubwa iko kwenye kitufe cha kusema. Ukikibonyeza, wati 50 zinapanda kwenye kebo ile ile, na zikipita ndani ya kisanduku zitakiunguza mara moja. Hata wati 5 zinatosha kukiua. Kwa hiyo lazima kiwe na swichi ya ndani inayokiruka wakati wa kusema. Muulizeni muuzaji waziwazi: swichi ipo? Inastahimili wati ngapi? Na betri ikiisha, redio itaendelea kufanya kazi bila kisanduku, au itanyamaza? Kilicho kizuri kikikosa umeme huacha mawimbi yapite moja kwa moja. Kisichofanya hivyo msikinunue, kwa sababu betri huisha usiku, na usiku ndio huo niliousema.

Mlio karibu na mji mna shida nyingine. Lodwar, Lokichoggio na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iko tangu 1992, zina milingoti mingi ya simu na mashirika. Kisanduku hakijui jirani na mgeni, kinakuza wote. Mlingoti wenye nguvu ukiwa karibu, redio hulemewa na sauti ndogo mliyoitafuta humezwa kabisa. Takeni chenye chujio la masafa yenu, na kisikuze kupita kiasi. Mara nyingi kukuza kidogo kunatosha kufidia kebo.

Wenye redio za HF, zile za masafa ya mbali ambazo mawimbi yake hudunda angani, kwa kawaida hawahitaji kisanduku hiki. AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa 1957, lilizungumza na hospitali na zahanati za mbali kwa redio za namna hiyo. Kelele katika HF hutoka nje: radi za mbali, jenereta, hata kifaa cha kuchajia betri ya sola. Jaribuni hivi. Fungueni redio, sikilizeni mvumo, kisha chomoeni kebo ya antena. Mvumo ukipungua sana, kelele inatoka nje na kikuza mawimbi kitaongeza kelele tu. Angalieni mtu asibonyeze kitufe cha kusema kebo ikiwa imechomolewa, redio itaharibika. Kisha rudisheni kebo, zimeni jenereta na chaja ya sola moja moja, msikilize ni ipi inayopiga kelele. Kuihamisha mbali na antena ni bure.

Siku ya kufunga, fundi afunge konekta zote kwa utepe wa mpira unaojishika, juu yake utepe mweusi, na kebo iteremke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kisanduku ili maji ya mvua yadondoke nje. Kisha rudini kwenye daftari lile lile, wiki nyingine moja, saa zile zile na mahali pale pale. Sehemu ya malipo ya fundi ibaki kwa mweka hazina mpaka wiki hiyo iishe. Na redio zenyewe ziwe na leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nakala ibandikwe ukutani kituoni.