MPISHI NAYE ANA IDI YAKE

Usiku wa kuandama mwezi, mtu apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hana haja ya kuuliza kama kesho ni Idi. Pua yake itamwambia. Nyumba hii yanukia iliki, ya pili vitunguu vya sambusa, ya tatu samli. Watoto wapita mbio na sahani zilizofunikwa kawa, misikitini takbiri zaitikiwa, na kila dirisha lina taa. Ni usiku wa furaha, hapana shaka. Lakini ukichungulia jikoni utamkuta mtu mmoja ambaye furaha hiyo yampita kando. Ni mama wa nyumba, uso umemwiva kwa moto, miguu imemvimba kwa kusimama, na saa yakaribia nane ya usiku.

Asubuhi wenziwe waoga, wavaa, wajifukiza udi na kwenda kuswali. Yeye ama bado yuko karaini akichoma katlesi, ama amepitiwa na usingizi juu ya kiti. Wageni wafikapo, awakaribisha kwa macho mekundu. Wao wasifu sambusa zake. Yeye hata hamu ya kuionja moja hana. Alifunga mwezi mzima kama wengine, na siku ya malipo ya furaha imempita akiwa jikoni.

Ndugu msomaji, jambo hili tumelizoea hata twaliona ni desturi. Lakini si desturi njema, wala dini haikulitaka. Katika hadithi iliyopokewa na Ummu Atiyya, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watoke siku za Idi mbili, hata wanawali na wale wasioswali kwa udhuru, wahudhurie kheri na dua za Waislamu. Ikiwa hata asiyeswali siku hiyo aliambiwa atoke, itakuwaje mwenye kuswali azuiwe na karai la mafuta?

Dawa ya jambo hili si kuacha kupika. Idi bila ya vitafunio ni kama harusi bila ya ngoma. Dawa ni kurudi kwa bibi zetu na kuangalia walivyofanya.

BIBI ZETU WALIJUA

Yatazame vyema vitafunio vya Idi. Vileja, visheti, kashata za njugu, halua, achari. Je, umepata kujiuliza kwa nini ni hivi na si vingine? Jawabu ni kwamba hivi vyote vyakaa. Bibi zetu hawakuwa na friji wala stima, na joto la pwani walilijua. Walichagua vitu vya kupikwa mapema, vikatiwa ndani ya mikebe, vikangojea wageni. Wahenga walisema akiba haiozi. Na hii ndiyo akiba yenyewe.

Kanuni yao ilikuwa nyepesi. Kinachoozesha chakula ni maji. Nazi mbichi, tui, maziwa na nyama vina maji mengi, navyo havistahimili joto. Sukari, samli na ukavu ndivyo walinzi. Kwa hiyo kisheti kilichokaushwa na kupakwa sukari chakaa wiki mbili na zaidi, na kileja cha unga wa mchele na samli vivyo hivyo, maadamu mkebe umefungwa barabara. Kashata ya nazi, kwa kuwa nazi ina unyevu, ni ya siku mbili tatu tu. Mkate wa sinia, wenye tui ndani yake, ni wa siku ile ile. Na kaimati, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo, haina subira hata kidogo: yataka kuliwa ingali moto na shira yake. Mwenye kuijua kanuni hii hahitaji kufundishwa zaidi; atajipangia mwenyewe kipi kitangulie na kipi kifuate.

MWEZI HAUNA RATIBA

Idi ndogo ina mtihani wake ambao Idi kubwa haina. Idi kubwa huwa tarehe kumi ya mfungo tatu, nasi huijua siku tisa kabla. Idi ndogo hatuijui mpaka jioni ya mwezi ishirini na tisa, watu wakiwa wamekodoa macho upande wa magharibi na wengine wakingojea tangazo la Kadhi Mkuu. Ukiandama, Idi ni kesho. Usipoandama, ni siku moja zaidi ya kufunga. Na wako wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, hata mtaa mmoja ukawa na Idi mbili.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Asiyejitayarisha hukutwa na tangazo saa mbili za usiku, naye hata unga hajachunga. Aliyeharakisha naye hupika kila kitu jioni ile, mwezi usionekane, na mikate ikalala ikachacha. Basi shika neno hili: jitayarishe kama kwamba mwezi utaandama ishirini na tisa, lakini chagua vitu vitakavyongoja hata ukamilike thalathini.

SIKU KUMI KABLA: VILEJA NA VISHETI

Kumi la mwisho ni la ibada, nasi hatusemi watu walitumie jikoni. Twasema asubuhi mbili tu, moja ya vileja na moja ya visheti, kabla hamu ya usiku wa ishirini na saba haijapamba moto.

Kwa vileja, chukua unga wa mchele nusu kilo, sukari robo kilo, samli robo kilo, mayai mawili, na iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai. Piga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe na laini, tia mayai, kisha iliki, halafu unga kidogo kidogo. Ukiona unga wavunjikavunjika mkononi, ongeza yai la tatu. Finyanga viduara, vibonyeze kidogo juu, na ukipenda tia nukta ya zafarani. Oka kwa moto wa wastani. Wasio na oveni wapalie makaa juu na chini kama zamani, ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kileja hakitaki kugeuka rangi. Kikianza kuwa chekundu umekwisha kuchelewa. Kiache kipoe kabisa kabla ya kukitia mkebeni, kwani kikiingia na joto kitatoa jasho na kulainika.

Kwa visheti, pasha samli vijiko vikubwa vinne uimimine juu ya unga wa ngano nusu kilo wenye iliki, uchanganye kwa vidole. Tia maziwa ya uvuguvugu, kidogo kidogo, upate donge gumu kiasi. Sukuma, kata, kunja upendavyo, na ukaange kwa moto wa pole, ili viive mpaka ndani. Kisha chemsha vikombe viwili vya sukari na nusu kikombe cha maji mpaka shira ivute uzi, tia visheti, na ugeuze bila kuacha mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe juu yake. Kazi ya kukunja visheti si ya mtu mmoja. Ni kazi ya jamvi, watu watano wamelizunguka sinia, huku masimulizi yakienda.

Tena, mtakuwa mmefunga. Wanavyuoni wengi wamemruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, bila kumeza. Lakini mwenye kupima kwa kikombe na kijiko hana haja hata ya kuonja.

ACHARI KABLA YA YOTE

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukisahau mpaka wageni wameketi, nacho ni achari. Hiki chataka wiki mbili tatu, ndimu zikolee chumvi na ngozi zake zilainike. Si mtindo wa jana. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika pwani yetu mwaka 1331, aliandika alivyokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, na pembeni ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Ni karibu miaka mia saba sasa, na sinia ya mgeni wa pwani haijabadilika sana. Kata ndimu bila kuzitenganisha vipande, zijaze chumvi, zitie katika chupa kavu, ziweke juani mchana kwa siku kadhaa, ndipo utie pilipili na siki. Usiingize kijiko kibichi ndani ya chupa hiyo.

SIKU TANO KABLA: SAMBUSA

Sambusa ndiyo hasa imchokeshayo mama wa nyumba usiku wa Idi, nayo ndiyo iliyo rahisi kutangulizwa. Siku hizi manda zauzwa tayari, na asiyetaka kusukuma hana lawama. Kaanga nyama ya kusaga mpaka ikauke maji yote, tia vitunguu, dania, pilipili na ndimu, kisha uitandaze kwenye sinia ipoe upesi. Funga kwa gundi ya unga na maji. Zipange sambusa katika friza zisigusane, na zikisha kuwa ngumu, zitie mfukoni. Zakaa mwezi mzima. Siku ya kuzila zitoke katika friza moja kwa moja hadi karaini, mafuta yakiwa ya moto wa wastani. Usingoje ziyeyuke, maana manda itararuka.

Hapa pana onyo. Mwaka mmoja nyumbani kwetu tuliikaanga nyama usiku, tukaifunika ingali moto ndani ya sufuria kubwa, tukaiacha juu ya meza mpaka asubuhi. Tulipoifunua ilikuwa imechacha. Nyama ya sambusa za watu sitini tukaitupa, siku ya mwezi ishirini na tisa, na pesa za kununua nyingine hazikuwapo. Mwezi ukaandama jioni ile. Wageni walikula vileja na mbaazi, wala hakuna aliyelalamika; lakini bibi yetu aliyekuwa mwenye jiko hakuinua uso siku nzima. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili katika joto letu. Tandaza, ipoe, itie friji. Humo itakaa siku tatu.

Na stima ikikatika, usifungue friza kutazama. Friza iliyojaa na kufungwa yahifadhi baridi yake kadiri ya siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Kila ukiifungua waipunguza.

USIKU WA MWEZI NA ASUBUHI YAKE

Sasa tangazo limetoka. Je, imebaki kazi gani? Katlesi: viazi vimekwisha kupondwa na kufinyangwa, viko katika friji, vyangoja kuchovywa yai asubuhi. Donge la mahamri: lakandwa usiku na kulala katika friji likiumuka polepole. Kashata za nazi: saa moja ya kazi. Pilau ni ya mchana, na nyama yake imekwisha kukatwa. Saa nne mama wa nyumba amelala.

Kabla ya kulala, fitri. Pishi moja ya chakula kwa kila kichwa imfikie mwenye haja kabla ya swala. Mwenye kujitayarisha mapema hujua pia ni nyumba gani mtaani haijapikwa kitu, na mkebe mmoja wa vileja ukatangulia huko usiku, chini ya kawa, bila maneno. Kwani Idi ya tajiri na masinia yake si Idi ikiwa jirani anaisikia kwa harufu tu.

Alfajiri, kitafunio cha kwanza hakina kupikwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa hatoki kwenda kuswali Idi ya Fitri mpaka ale tende, kwa witiri. Kwa hiyo sahani ya tende na kahawa chungu yatosha. Nyumba nzima ikatoka, mpishi pamoja nayo. Wakirudi, karai lawekwa motoni, sambusa zaingia, na muda wa watoto kupokea mikono ya Idi, chakula ki mezani.

NA NYINYI AKINA BABA

Yote haya hayatafaa kitu ikiwa baba analeta unga na samli jioni ya mwezi ishirini na tisa. Nunua mapema, kabla Markiti haijafurika na bei hazijapanda. Kuchunga unga, kutwanga iliki na kuosha masufuria hakujapata kumvunjia mwanamume heshima yake. Na ukialika watu, sema idadi. Usiseme "watakuja wawili watatu" kisha ukaleta kumi na watano.

Wageni wenyewe nao hawakufuata chakula tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini atapona vipi mwenyeji aliyekesha? Mgeni akumbukaye nyumba fulani kwa Idi hakumbuki ilikuwa na aina tisa za vitafunio. Hukumbuka mama wa nyumba alikaa naye, akacheka naye, akamuuliza hali za watoto mmoja mmoja.

Basi Idi ijayo, In Sha Allah, mwezi uandame ishirini na tisa au ukamilike thalathini, na uwakute mikebe imejaa, masinia yamesuguliwa, na mama wa nyumba amevaa nguo yake mpya, amepaka hina, amekaa barazani akingojea kupewa mkono wa Idi kama watu wengine.