Muhuri wa Shikoku Si Hirizi

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mwalimu, kile kitabu cha mihuri ya mahekalu 88 kinauzwa mtandaoni kikiwa kimeshajaa. Nikikinunua, si sawa na kwenda?" Si sawa. Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umeota sugu; leo naliandika ili nisiulizwe tena.

Wengi wanaoitamani njia ya hija ya Shikoku, Japani, ile ya mahekalu hayo 88 na kilomita zipatazo 1,200 ya kumuenzi mtawa Kukai, ambaye Wajapani humwita Kobo Daishi, akili yao huanzia kwenye kitabu. Wamesikia kwamba kikijaa huwekwa ndani ya jeneza, na marehemu akapita peponi bila kuulizwa. Desturi ya kukiweka jenezani ipo kweli. Uzushi ni kudhani kwamba baraka imo kwenye karatasi, yeyote aliyeishika ni yake.

Jina lenyewe linakataa. Kitabu huitwa nokyocho, na nokyo ni kukabidhi sutra, andiko la Kibudha. Zamani msafiri alinakili sutra kwa mkono, akaikabidhi hekaluni, akapewa hati ya kuthibitisha kwamba imepokelewa. Muhuri wa leo ni mjukuu wa hati ile. Ni risiti. Ukiokota risiti ya jirani yako, unga umeingia jikoni kwako?

Tazama mambo yanavyokwenda. Unainama langoni, unanawa, unawasha mshumaa na udi, unatumbukiza sarafu na kijikaratasi chenye jina lako, unasoma Sutra ya Moyo mbele ya jengo kuu, halafu tena mbele ya jengo la Daishi. Ndipo uende kwenye dirisha la mihuri. Mwandishi hugonga mihuri mitatu myekundu, huchovya brashi, huandika kwa wino mweusi, kisha hulaza karatasi ya kukaushia. Yeni 500. Ukirudi mwakani na kitabu kilekile, haandiki tena. Huongeza mihuri tu. Ndiyo maana kitabu cha mzee aliyezunguka mara nyingi huwa chekundu ukurasa mzima, maandishi yamezama, wala huwezi kukitundika sebuleni.

Msomaji mmoja alinibana kwa hijja ya badali. Hoja nzito, nakubali. Hata Shikoku wapo wanaozunguka kwa niaba ya mgonjwa au marehemu. Lakini wa badali hutia nia kwa jina lako anapoanza ibada. Huyo aliyekuuzia kitabu hakukujua. Alikuombea lini?

Ya safari sasa, upesi. Kwa miguu ni siku 40 hadi 50. Nafasi ikikubana, igawe vipande miaka kadhaa, au panda basi, kama wanavyofanya Wajapani wengi. Nenda majira ya kuchipua au ya vuli. Hekalu la 1, Ryozenji, ndilo rahisi kuanzia, ila si lazima. Dini yako haiulizwi. Usiyetaka kusoma sutra, simama kimya. Mwenyeji akikupa chungwa au chai, pokea, mpe kijikaratasi chako. Usigonge fimbo darajani: husemwa Daishi aliwahi kulala chini ya daraja. Kengele hupigwa unapoingia, si unapotoka. Na dirisha la mihuri hufungwa saa 11 jioni. Ukifika na dakika mbili zaidi, tafuta pa kulala.