Punda na Pange



Siku moja, jua la saa saba, nilikuwa nikitoka Kengeleni kuelekea Kisauni. Nikamkuta kijana mwenye mkokoteni wa maji akimcharaza punda wake. Punda alikuwa akirusha mateke, hataki kwenda wala kusimama. Nilipomwuliza kijana sababu, akanijibu, "Padre, punda haendi bila ya kigongo." Nikainama. Chini ya tumbo, mahali mkia usipofika, walikuwa wameng'ang'ania nzi watatu wakubwa, na damu ikichuruzika. Walikuwa pange. Wengine humwita chafuo.

Anayeuma ni jike peke yake. Dume hunywa utamu wa maua, wala hana haja na damu ya mtu. Jike huitaka ili mayai yake yapevuke. Kinywa chake si sindano kama ya mbu. Ni visu. Hupasua ngozi, hutia mate yanayozuia damu isigande, kisha huiramba damu inayojikusanya katika kidonda. Mayai huyataga kwa mamia juu ya majani yaliyoinamia maji au tope. Mabuu huanguka humo, wakaishi kwa kula minyoo na wadudu wengine, hata wao kwa wao. Sisi wa bara ya Mombasa, wenye madimbwi na vinamasi, tusishangae kuwaona.

Lakini sikilizeni jambo hili. Ubaya wa pange umo katika maumivu yenyewe. Mbu hunywa akashiba kabla hujamhisi. Pange huumiza, mnyama hushtuka, nzi hufukuzwa hali hajashiba na kinywa chake kingali na damu mbichi. Hurudi palepale, au humwendea mnyama aliye karibu. Ikiwa wa kwanza alikuwa mgonjwa, wa pili huchanjwa maradhi kwa visu vilevile.

Mbung'o wa vichaka vya Kwale hufanya kazi nyingine: vijidudu vya nagana hukua ndani ya mwili wake kwa siku nyingi kabla hajaambukiza. Kwa pange havikui. Hubebwa tu, na damu ikikauka hufa. Ndivyo usambaavyo ugonjwa wa surra, unaowakondesha ngamia wetu wa kaskazini, huko Marsabit na Turkana. Vijidudu vyake vilitambuliwa India mwaka 1880 na daktari wa mifugo aitwaye Griffith Evans, katika damu ya farasi na ngamia.

Basi yule kijana alikuwa na punda wa pili nyumbani, amekonda, ana homa, hali vizuri. Na kila jioni aliwafunga wote wawili kwenye mnazi mmoja, bega kwa bega, hata Jumapili walipopumzika wakashinda hapo juani. Nikamwomba awatenganishe siku hiyohiyo, tena mbali, si hatua mbili tatu, na amwite daktari wa mifugo apime damu. Alinung'unika juu ya gharama. Punda wawili ndio chakula cha mama yake na wadogo zake, sikumlaumu.

Mengine hayana gharama. Pange hupenda mchana wenye jua, na huvutwa na kitu cheusi kinachotembea. Ndani ya banda lenye kivuli huingia kwa nadra. Mwaka 2019 wataalamu huko Uingereza waliwavika farasi nguo zenye milia kama ya pundamilia, na pange wengi wakashindwa kutua. Na upo mtego uliobuniwa hapa Kenya, kwenye kituo cha ICIPE, ukaelezwa na Steve Mihok mwaka 2002, nao unaitwa Nzi: kitambaa cha buluu na cheusi pamoja na chandarua. Pange huifuata rangi, huingia kwa chini, hupanda kwenye mwanga, na hapo amenaswa.

Nilipopita tena, punda mgonjwa alikuwa amekwisha chomwa sindano, amefungwa peke yake chini ya makuti. Bado amekonda. Mwenzake alikuwa mkokotenini, na yule kijana ameinama anamkagua tumbo.